Alama Zilizopanda Mei na Kuporomoka Septemba: Uchambuzi wa Kisa cha Mwanafunzi Mmoja wa Kisumu

Kabla ya kuanza

Kisa hiki kimeandikwa kwa idhini ya mwanafunzi mwenyewe. Jina la chuo, kozi, ufuo na miaka vimeondolewa, na mambo mawili matatu ya familia yamegeuzwa ili asitambulike. Nitamwita Akinyi, jina ambalo Wajaluo humpa mtoto wa kike aliyezaliwa asubuhi. Alilichagua yeye, akicheka, na atakayefika katikati ya makala ataona sababu ya kicheko hicho. Mimi ni mhadhiri wa takwimu, na nilikuwa mshauri wake wa kitaaluma tangu siku aliyojisajili. Makosa mengi yatakayosimuliwa hapa ni yangu, na si makosa ambayo mtu wa takwimu anastahili kuyafanya.

Usuli

Akinyi alitoka shule ya kutwa katika Kaunti ya Siaya akiwa na B katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, juu ya ile C+ ya kuingilia chuo kikuu, na hisabati alikuwa na B+. Baba yake alifariki alipokuwa kidato cha pili. Mama alibaki kijijini na wadogo zake watatu. KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, ilimpangia kozi ya sayansi yenye hisabati nyingi katika chuo cha umma cha huku magharibi, na kwa kuwa aliingia chini ya mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, karo yake iligawanywa: sehemu ufadhili wa serikali, sehemu mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, sehemu familia. Ukitazama faili yake, ungesema huyu hana shida ya karo, na ungekuwa umesema kweli.

Hakuchukua hosteli. Shangazi yake, dada ya marehemu baba, alikuwa na nyumba ya vyumba viwili upande wa chini wa mji wa Kisumu, karibu na ziwa, akampokea. Kwenye fomu ya usajili, mbele ya "kazi ya mlezi", kuliandikwa maneno mawili: biashara ndogo.

Mambo matatu ya chuo yafahamike kwanza. Masomo huenda kwa vipande vya saa tatu, na kipande cha kwanza huanza saa moja asubuhi. Alama ni 30 za majaribio ya darasani na 70 za mtihani, na asiyefika 40 ameanguka. La tatu ni kalenda. Madarasa hayatutoshi, kwa hiyo makundi hupokezana: kundi la Akinyi lilisoma Septemba hadi Desemba, likakaa nyumbani, likarudi mwishoni mwa Aprili na kusoma hadi Agosti.

Muhula wa kwanza: tukasema ni hisabati

Matokeo ya Desemba yalitoka Januari. Katika yuniti saba, yaani masomo saba ya muhula, alianguka tatu: kalkulasi 31, aljebra 28, fizikia 36. Stadi za mawasiliano aliponea kwa 44. Upande wa pili alikuwa na takwimu 66, kompyuta 61, uchumi 58.

Alama hizo nilizisoma kwa dakika tano hivi. Zilizoanguka zote zilikuwa na hesabu nzito, nikaona ugonjwa umejitaja wenyewe. Binti katoka shule ya kutwa, kakutana na kalkulasi ya chuo, kaachwa. Kila mwaka naona wanafunzi wa namna hiyo, na wengi wao kweli shida ni hiyo. Ile 66 ya takwimu ilikuwa inanikodolea macho, maana takwimu nazo ni hesabu. Lakini takwimu nilifundisha mimi, nikajiambia labda mimi hufundisha vizuri.

Nilimwita ofisini. Nikamuuliza kama ana shida yoyote.

"Hapana, mwalimu. Nitajitahidi."

Na nyumbani?

"Nyumbani ni sawa tu."

Mahojiano yakaishia hapo. Nilichukua hatua mbili. Nilimpangia mwanafunzi wa mwaka wa nne amfundishe kalkulasi na aljebra kila Jumamosi alasiri, kuanzia watakaporudi. Pia nilimwandikia barua ya kwenda kwa mnasihi wa chuo. Alikwenda mara mbili, na mnasihi akaniambia kwamba ni msichana mtulivu, mwenye adabu, asiyeongea sana.

Mei hadi Agosti: muujiza wetu

Wiki ya kwanza ya Mei alifanya mitihani ya marudio, ile wanafunzi wanaita sapu, akapita yote mitatu. Kila mmoja uliandikwa 40, kwa kuwa kanuni hairuhusu zaidi hata ungepata 90. Tangu hapo alikuwa mtu mwingine. Alikaa mbele, aliuliza maswali, na katika majaribio ya darasani aliongoza yuniti mbili. Alama za mwisho wa muhula zilikuwa 71, 68, 64, 62, 59, 52 na 43.

Niliandika ripoti ya kurasa nne. Nilipanga alama za kabla na za baada, nikachora na grafu. Mkuu wa idara aliisoma mkutanoni, na masomo ya Jumamosi yakapanuliwa kwa wanafunzi wengine kumi na wanne. Nilipongezwa, na sitasema uongo, nilifurahi. Zile 52 na 43 nilizieleza kwa mstari mmoja: ni uchovu, kwa kuwa karatasi hizo mbili ndizo zilizofanywa za mwisho, wiki ya kwanza ya Agosti.

Septemba tena

Mwaka wa pili ulichelewa kuanza kwa sababu ya mgomo wa wahadhiri, na muhula ukabanwa hadi wiki kumi na moja. Darasa zima lilishuka kidogo. Akinyi aliporomoka. Alipata 29, 33, 35 na 38, halafu 57, 60 na 63. Yuniti nne kati ya saba zilikuwa chini ya 40.

Katika chumba cha walimu kila mtu alikuwa na jibu. Mmoja alisema ni mvulana. Mwingine alisema hizi kamari za simu zimewamaliza makomredi, yaani wanafunzi wa chuo. Wa tatu alisema ni mgomo, ingawa wenzake Akinyi waliogomewa vilevile hawakuanguka nne. Mimi nilisema neno baya kuliko yote hayo, na nililisema akiwa mbele yangu: kwamba ameniangusha, baada ya kazi yote tuliyomfanyia. Aliangalia chini, akasema, "Pole, mwalimu."

Kamati ya idara ikapendekeza arudie mwaka.

Karani na karatasi za mahudhurio

Pendekezo la kurudia mwaka halipokelewi bila viambatisho, na kimojawapo ni mahudhurio. Kila mhadhiri hukaa na karatasi yake. Ilikuwa mara ya kwanza karatasi zote za Akinyi kukutana mezani.

Kwanza niliona jambo ambalo lilipaswa kunipiga usoni mwaka mmoja nyuma. Yuniti nne alizoanguka zote zilifundishwa saa moja asubuhi. Nikarudi haraka kwenye ratiba ya mwaka wa kwanza: kalkulasi saa moja, aljebra saa moja, fizikia saa moja, stadi za mawasiliano saa moja. Hiyo ya mwisho haina hesabu hata moja, na ndiyo aliyoponea kwa 44. Takwimu zangu zilikuwa saa nane mchana. Kumbe sifa ya ufundishaji wangu ilikuwa ni saa.

Hapo ningeweza kuishia kusema kwamba binti hapendi kuamka. Ila mahudhurio yenyewe hayakukubali. Yuniti ya Jumanne asubuhi ilionyesha hivi: wiki ya kwanza hayupo, ya pili na ya tatu yupo, ya nne na ya tano hayupo, ya sita na ya saba yupo, ya nane hadi ya kumi hayupo, ya kumi na moja yupo. Siku tano kati ya kumi na moja. Ya Alhamisi ilikwenda karibu vivyo hivyo. Madarasa ya mchana alikosa mawili tu. Mvivu hapangi uvivu wake kwa mafungu.

Nililisema hilo kwa sauti. Karani wa idara, mtu wa makamo aliyekulia ufuoni kabla ya kupata kazi mjini, aliinama akahesabu kwa kidole, kisha akatoa simu akaangalia tarehe.

"Daktari, huyu anafuata mwezi. Wiki alizokuja ni za mwezi mkubwa. Boti za omena hazitoki."

Kwa msomaji aliye mbali na ziwa: omena ni dagaa wa Ziwa Victoria, wale ambao Waganda huwaita mukene. Huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, sasa nyingi za sola. Mwanga huwakusanya, nyavu zikawazunguka. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina nguvu, samaki hutawanyika, na kwa siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu wavuvi wengi hupumzika. Mzunguko huo ni siku 29 na nusu. Halafu kuna jambo ambalo nilikuwa nalijua kama mkaazi yeyote wa Kisumu, na sikuwahi kuliweka kando ya kalenda ya chuo. Upande wa Kenya, uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, ili wazaane.

Muhula wetu wa muujiza ulikuwa Mei hadi Agosti. Zile karatasi mbili za "uchovu" zilifanywa baada ya tarehe 1 Agosti.

Alichosema Akinyi

Nilimwita tena. Safari hii sikumuuliza kama ana shida. Nilimuuliza jana aliamka saa ngapi.

Saa tisa na nusu, akasema, kama mtu anayejibu swali la kawaida. Saa kumi na moja yeye na shangazi huwa wako ufuoni, kwa sababu anayefika boti zimeshashusha hupata mabaki. Hununua kwa karai, wakabeba hadi uwanja wa kuanikia, wakawatandaza omena juu ya nyavu kuukuu bila kulaliana. Shangazi ana mgongo mbovu tangu alipoteleza kwenye matope ya ufuo, kwa hiyo kubeba ni kwa Akinyi. Wakimaliza ni saa tatu. Anarudi nyumbani, anaoga, anajisugua ndimu mikononi, anapanda matatu, anaingia darasa la saa nne. Usiku akijitahidi sana hulala saa nne. Mara mojamoja wingu likitanda alasiri, simu hulia hata akiwa darasani, maana omena walionyeshewa huharibika na kuishia kuuzwa kwa bei ya chini kama chakula cha kuku. Lazima waanuliwe.

Kwa nini hakusema? Alitoa sababu ambazo sikuzitarajia. Ya kwanza ilikuwa hofu. Kulikuwa na uvumi kati ya wanafunzi kwamba ukijulikana una biashara, utapandishwa kwenye kundi la wanaojiweza na mkopo wako upunguzwe. Nilimweleza kwamba kubeba karai la shangazi si biashara yake. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nina uhakika ofisi ya mkopo inalijua hilo. Ya pili ilikuwa harufu. Mwaka wa kwanza mtu fulani darasani alifungua dirisha huku akimtazama, na tangu hapo alikaa nyuma, isipokuwa miezi ile ya kufungwa. Mimi nilidhani kukaa mbele ni matunda ya unasihi.

Nilipomwambia kwamba ningependa kuzungumza na shangazi, alikaa kimya muda mrefu. Aliniomba nisiende kama chuo. Niende kama mgeni.

Ziara

Nilienda Jumapili alasiri pamoja na mwenzangu, mhadhiri mama mtu mzima anayezungumza Kiluo kuliko mimi. Shangazi, ambaye Akinyi humwita waya, alitukaribisha chai na mandazi, na kwa karibu saa nzima tuliongea juu ya bei ya omena na gugumaji linalofunga njia ya boti. Ni mwenzangu aliyejua wakati wa kuingia kwenye hoja. Hakumlaumu. Alisema tu kwamba masomo mengine ya Akinyi huanza saa moja asubuhi.

Shangazi aliweka kikombe chini. "Saa moja? Saa moja ya asubuhi?" Akamgeukia Akinyi. "Hukuniambia. Mimi nilijua chuo ni kama ofisi, kinafunguliwa saa tatu."

Kwa karibu mwaka mmoja na nusu alikuwa akihakikisha mtoto wa kaka yake anaachiliwa kabla ya saa tatu, na alijiona anamlindia masomo. Akinyi kwa upande wake hakuona namna ya kumwambia mtu anayempa chakula na kitanda kwamba msaada wake haufiki. Maneno mengine mtoto aliyelelewa vizuri hayasemi.

Tulichoamua, na tulichokataa

Mapendekezo yalikuwa mengi, na la kwanza lililomjia kila mtu kazini lilikuwa hosteli. Tulilikataa baada ya kupiga hesabu na Akinyi mwenyewe. Kitanda cha hosteli ni nafuu. Chakula ndicho kinachokula pesa. Pesa za kujikimu za HELB zilikuwa zikifika katikati ya muhula au baadaye, na zikifika nusu ilikuwa ikienda kijijini. Hosteli ingempa usingizi na kumnyima chakula.

La pili, kumwambia aache kazi, lilisemwa na mtu mmoja tu, na halikujadiliwa. La tatu, kuahirisha masomo mwaka mzima, lilikuwa na mantiki kwenye karatasi. Lakini mwaka wa nyumbani ungekuwa mwaka wa ufuoni, na sijui wangapi hurudi kutoka mwaka kama huo.

Tulichofanya ni vitu vidogo vitatu. Idara iliondoa pendekezo la kurudia mwaka na kumruhusu afanye sapu nne mwezi Mei. Yuniti moja ya asubuhi ya mwaka uliofuata ilikuwa ikifundishwa pia jioni kwa kundi jingine, tukamhamishia huko. Ilihitaji sahihi moja tu. Miaka yote hakuna aliyewahi kuuliza.

La tatu lilitoka kwa shangazi, na ndilo lililobeba uzito. Alikuwa katika chama cha akina mama watano wanaonunua ufuo mmoja. Alipendekeza wapokezane: kila asubuhi wawili wapokee karai za wote. Akinyi angebaki na Jumamosi na siku moja ya katikati ya wiki isiyo na darasa la saa moja.

Wenzake walikataa mwanzoni, na walikuwa na haki. Bei ya karai hubadilika kila asubuhi, kila mmoja anataka kuchagua samaki wake, na nani atajua kama mwenzake hakujiwekea wazuri? Akinyi alianzisha daftari. Bei ya kila karai, idadi, aliyepokea, aliyelipwa kwa M-Pesa na aliyelipwa taslimu, na mwishoni gorogoro (makopo ya kupimia) ngapi zilitoka kwa kila karai baada ya kukauka. Baada ya wiki sita za kuandika, akina mama waliona tofauti kati yao ni ndogo kuliko walivyodhani. Wakakubali kujaribu.

Matokeo

Sapu tatu kati ya nne alipita mwezi Mei. Ya nne alipata 37. Hiyo nitaieleza mwishoni. Muhula wa Mei hadi Agosti alama zilipanda tena, kama ilivyotarajiwa. Sikuandika ripoti yoyote. Jaribio la kweli lilikuwa Septemba, ziwa likiwa wazi.

Septemba hiyo ya mwaka wa tatu alihudhuria madarasa kumi kati ya kumi na matatu ya Jumanne asubuhi. Yuniti za asubuhi zilimpa 55, 52 na 49. Za mchana na jioni zilikaa kwenye 60 na kitu. Hakuanguka hata moja.

Haikwenda bila kuyumba. Mwanzoni mwa Desemba wawili wa chama waligombana juu ya karai moja, mpango ukavunjika kwa wiki mbili, na Akinyi akarudi ufuoni siku chache kabla ya mitihani. Ile 49 inatoka hapo. Pia kuna gharama iliyolipwa na watu ambao hawamo kwenye karatasi ya matokeo. Siku ambazo zamu ni yake na Akinyi hayupo, shangazi sasa humlipa kijana wa kubeba, na alichokuwa akimtumia mama yake Akinyi kilipungua. Muhula huo mdogo wake wa kidato cha pili alikaa nyumbani wiki mbili kwa ajili ya karo.

Uchambuzi

Kosa kubwa halikuwa kukosa habari za omena. Hakuna mhadhiri anayeweza kujua kila kazi ya kila nyumba. Kosa lilikuwa kujipa sifa. Alama zilipanda baada ya sisi kufanya jambo, tukasema zimepanda kwa sababu ya jambo hilo, na tangu hapo hatukutafuta tena. Kama zisingepanda Mei, huenda tungeuliza vizuri zaidi na kumwokolea ule muhula wa pili wa kuanguka. Mafanikio ya uongo yalitugharimu kuliko kushindwa.

Nilirudi baadaye kwa wale kumi na wanne wa Jumamosi. Tisa walipanda, watano hawakupanda. Zamani ningesema tisa ni wengi. Sasa naona kwamba wote walichaguliwa kwa sababu walikuwa wameanguka vibaya, na anayechaguliwa akiwa chini kabisa mara nyingi atapanda kidogo muhula ujao hata usimguse. Sikuwa na kundi la kulinganisha. Kitu hiki nakifundisha mwaka wa pili, wiki ya tisa. Masomo ya Jumamosi bado yanaendelea, kwa kuwa hayadhuru na wanafunzi wanayapenda, lakini hakuna anayeyataja tena kwenye ripoti.

Swali "una shida?" nalo limefika mwisho wa matumizi yake kwangu. Shida ni neno zito. Anayelikubali mbele ya mkubwa amekubali pia kwamba nyumbani kwao kuna aibu. Akinyi hakunidanganya aliposema hana shida. Alikuwa na kazi, na kazi kwao si shida. Saa ya kuamka haina aibu ndani yake, na ndiyo maana ilijibiwa mara moja.

Tukizungumzia kinachoathiri alama za wanafunzi, orodha huwa ileile: maandalizi ya sekondari, pesa, afya, makundi, ufundishaji. Vyote vimo katika kisa hiki. Lakini hata kimoja hakikumfikia Akinyi kikiwa kimevaa jina lake. Umaskini ulimfikia kama saa tatu za asubuhi na saa mbili za usingizi zilizopotea. Watu wa umri wake huhitaji saa saba hadi tisa, naye alilala tano na nusu. Hata asubuhi za mwezi mkubwa alipokuwa darasani, alikuwa anaingia wiki ya sita ya kalkulasi bila ya nne na ya tano. Fomu za ufadhili zinauliza mapato ya kaya, na lazima ziulize. Hazina mahali pa kuandika nani katika kaya hiyo anabeba karai.

Kuhusu kanuni ya mahudhurio sijafikia uamuzi. Chuo chetu kinataka robo tatu, na wahadhiri wanne walimwacha afanye mtihani akiwa na chini ya nusu, kila mmoja kwa huruma na bila kujua mwenzake kafanya nini. Wangemzuia, tungejua mapema. Au angeondoka kimya, na mimi nisingekuwa na kisa cha kuandika.

Kilichosaidia hakikutoka kwenye utaalamu wetu hata kidogo. Karani alisoma karatasi niliyokuwa nimeikazia macho dakika ishirini bila kuona kitu. Mwenzangu alijua kunywa chai kwanza. Shangazi alitatua tatizo ambalo kamati nzima ililiona ni la kurudia mwaka, na alilitatua siku ileile alipoambiwa. Sisi mchango wetu mkubwa ulikuwa kuchelewa.

Badiliko moja limebaki idarani. Orodha ya walioanguka sasa huchapishwa na safu moja zaidi: siku na saa yuniti ilipofundishwa. Muhula wa kwanza wa kuitumia tulimpata mwanafunzi mwingine, aliyeanguka yuniti zote za Ijumaa mchana na hakuna nyingine. Kisa chake ni tofauti kabisa, na si cha kusimulia hapa.

Ile yuniti ya nne

Baada ya 37 ya Mei, Akinyi alibaki na nafasi moja ya kurudia mtihani huo, mwaka uliofuata. Ratiba ilipotoka, karatasi yake ilikuwa tarehe 1 Agosti, saa mbili asubuhi. Hiyo ni asubuhi ambayo boti zinarudi na omena wa kwanza baada ya miezi minne, bei ikiwa juu, na hakuna mama hata mmoja wa chama anayekubali kupokelewa na mwenzake.

Niliomba tarehe isogezwe. Fomu ya ofisi ya mitihani ina visanduku vitatu vya sababu: ugonjwa, msiba, nyinginezo. Nilitia alama kwenye cha tatu, na kwenye mstari wake nikaandika kwamba uvuvi wa omena unafunguliwa siku hiyo. Siku tatu baadaye fomu ilirudi na maandishi ya kalamu nyekundu: ambatisha ushahidi. Nikachapisha tangazo la kufungwa na kufunguliwa kwa uvuvi, nikalibana nyuma ya fomu, nikampa karani apeleke. Kabla ya kutoka alifungua droo yake na kuongeza, bila mimi kumwomba, kalenda ya mwezi.